Kioo Nilichokuchagulia

Nyumbani, Jumamosi mchana

Mwanangu Eliakunda,

Umepanda Nkoaranga kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama mkwe wangu, hatakuachia mpaka ule, uombewe, ufungashiwe ndizi, halafu ule tena. Kwa hiyo nina saa mbili au tatu. Mama yako yuko jikoni anakaanga maandazi ya safari. Ameniambia nisitoke sebuleni mpaka nimalize kuandika, na leo simbishii.

Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, wala kufua, wala kwenda kanisani, wala kujihadhari na vijana wa chuoni. Hayo mama yako ameshakupa, tena ameyarudia mpaka mimi ndiye niliyeyakariri. Mimi nina jambo moja tu, nami nalizunguka tangu Jumatano.

Jambo lenyewe ni miwani.

Haya, cheka. Sema, "Baba naye ameanza." Lakini ukishacheka, kaa chini usome mpaka mwisho, maana nimejaribu kukuambia kwa mdomo nikashindwa. Jana nilikufuata kule kwenye migomba nikiwa nimejipanga kabisa, neno la kwanza mpaka la mwisho. Ukageuka ukaniuliza, "Vipi, Baba?" Nami mtu mzima na mvi zangu nikakuuliza kama zipu ya begi imefunga vizuri. Ukanijibu imefunga. Nikarudi zangu nyumbani.

Jumatano tulikuwa mezani tunakula loshoro, mahindi na maziwa ya mgando. Ukatoa ile karatasi ya vipimo vya macho uliyopewa wiki iliyopita, ukasema miwani utatengenezea Iringa ukishafika, kwa kuwa hapa muda umekwisha. Nikasema sawa. Halafu ukasema, "Safari hii nachukua lenzi za kioo. Hizi za plastiki zimenichosha. Zinachubuka kila siku, naona kila kitu kama kuna ukungu."

Mama yako akaweka kijiko chini. Akakuuliza, "Na lile jicho je?"

Ukamjibu kwa upole, kama wewe ndiye mama: "Mama, lile lilikuwa kosa langu. Niliambiwa nivue miwani nikapasua kuni nayo usoni. Nilikuwa mtoto. Sasa nina akili."

Mimi nikasema maziwa yamechacha kupita kiasi. Mama yako akaniangalia, maana maziwa hayakuwa na neno. Nikainama kwenye bakuli langu nikala mpaka likaisha, na sikusikia ladha ya kitu.

Eliakunda, lile halikuwa kosa lako. Lilikuwa langu. Nimelijua hilo kwa miaka sita, nimekutazama ukilibeba wewe, nikanyamaza.

Sasa nikusimulie, maana siku ile hukuwepo pale mezani kwa fundi miwani.

Unakumbuka tulivyoteremka mjini, mwaka ule wa kipaimara chako? Mwalimu alikuwa ameshatuandikia kwamba huoni ubaoni, ukapimwa, ukapewa karatasi. Mimi nikaapa kwamba mwanangu hatapiga magoti madhabahuni akiwa anapapasa kitabu. Miwani itakuwa zawadi yangu ya kipaimara. Siku hiyo nilivaa lile koti la kijivu la harusini, na viatu nilivipiga rangi mara mbili. Maana mjini, mwanangu, mtu wa mlimani akiingia dukani na matope kwenye viatu anaambiwa "subiri kidogo mzee" mpaka jua linazama. Nilikuwa nimechoka kusubirishwa.

Ukachagua fremu ile ya kahawia. Ukapimwa pua na masikio. Kisha mama yako akakuchukua mkaenda sokoni kutafuta kitambaa cheupe cha gauni, nikabaki mimi na yule dada mtaalamu wa miwani. Alikuwa mtu wa heshima. Akaniamkia, "Shikamoo mzee," akaniwekea kiti. Akatoa lenzi mbili akaziweka mbele yangu juu ya kitambaa. Moja kioo, moja plastiki. Akasema kuna na ya tatu, polikaboneti, na yenyewe ni aina ya plastiki lakini ngumu, ile wanayotengenezea miwani ya mafundi, ukiipiga haipasuki.

Basi mimi nikafanya nilivyofundishwa na baba yangu. Unajua tunavyonunua jembe sisi. Unalipima mkononi kwanza, halafu unaligonga kwa ukucha unasikiliza. Likiwa zito na likalia, hilo ni jembe. Likiwa jepesi, mrudishie mwenyewe. Nimenunua hivyo majembe, sufuria, makufuli, hata blanketi nililipima uzito, na sijawahi kujuta. Nikachukua kioo mkono huu, plastiki mkono huu. Kioo kikanilemea vizuri. Nikakigonga, kikalia. Ile plastiki nikaigonga, haikusema kitu.

Nikamwambia, "Hiki hapa."

Yule dada akacheka kidogo. Akaniambia, "Mzee, kioo ni kizuri, hakichubuki upesi na mtoto ataona safi. Ila kikipata kishindo kinapasuka vipande, tena mbele ya jicho. Huyu binti akiwa nyumbani anafanya kazi gani?"

Hapo ndipo ningesema ukweli, mwanangu. Ningesema: anakata majani ya ng'ombe kwa panga, anapasua kuni, anapogoa kahawa, anakamua ng'ombe mwenye pembe. Kwani ni aibu? Watoto wote wa mlimani wanafanya hivyo. Lakini nilikuwa na koti la kijivu, na pembeni yangu kulikuwa na baba mmoja wa mjini na binti yake mwenye saa mkononi, wanasikiliza. Nikasema, "Ni mwanafunzi. Kazi yake ni kitabu."

Akauliza tena, Mungu ambariki: "Hapasui kuni? Maana kama anapasua, nakushauri polikaboneti, au angalau plastiki."

Nikamwambia, "Kwangu mtoto wa kike hashiki shoka." Kisha nikaongeza, kwa kumfurahisha yule baba mwenzangu, "Na plastiki, dada yangu, ni ya ndoo."

Wakacheka wote. Nami nikacheka. Yule dada akaandika kioo.

Wahenga wamesema mficha uchi hazai. Mimi nilificha shoka letu la kuni nionekane mtu wa mjini kwa dakika kumi. Yule baba sijui hata jina lake, na ukinikutanisha naye leo simtambui.

Yaliyofuata unayajua, lakini ngoja uyasikie kutoka kwangu. Ilikuwa wiki ile ya kabla ya Krismasi, ndugu wote wanapanda kutoka Dar na wapi na wapi, na jikoni kuni zilikuwa haziwezi kutosha. Mimi ndiye niliyekuagiza ukapasue. Mama yako alishaweka sheria kwamba miwani ivuliwe wakati wa kazi, lakini bila miwani ulikuwa huoni hata gogo lilipo, na mimi nilikuona nayo usoni ukipita na shoka. Nilikuona, Eliakunda. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua maharage, nikasema moyoni, bora ameivaa asije akajikata mguu. Gogo lilikuwa la mgrevilea, lenye fundo. Nikasikia shoka, halafu nikakusikia wewe.

Kibanzi chenyewe kilikuwa kidogo hivi, hata kidole cha mwisho kinakizidi. Nilikiokota baadaye. Hakikukugusa jicho. Kilichoingia jichoni ni kile kioo changu kizito kinacholia.

Nisikilize hapa, maana hapa ndipo panaponiuma kuliko pote. Tulipokufikisha hospitali, wakakufunga lile jicho, tukawa tunasubiri gari la kutupeleka Moshi kwa daktari bingwa. Ulinishika mkono wa koti ukaniambia, "Baba, nisamehe. Sikuvua miwani." Ulikuwa na miaka kumi na minne. Damu ilikuwa imekukaukia shavuni. Na mimi baba yako nikakujibu, "Siku nyingine usikie unapoambiwa."

Hayo ndiyo niliyokuambia. Sikusema "pole." Sikusema "ni mimi." Nilikuwa nimeogopa, na mtu akiogopa hivyo hulitupa kosa mbali na yeye, lote, na pale wa karibu ulikuwa wewe. Nalikumbuka neno hilo nikiwa nakamua, nikiwa naimba kwaya, nikiwa napalilia. Natamani ningeuma ulimi wangu ukatoka.

Krismasi ile wageni walikuja vilevile. Shangazi yako akaja kitandani kwako na uji, akakaa, akasema ile methali ya asiyesikia la mkuu. Ukaitikia, "Ndiyo, shangazi." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kumwambia, dada, nyamaza, mkuu mwenyewe ndiye asiyesikia. Nikaenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wazima.

Mwezi wa pili nikateremka mjini kumgombeza yule dada wa miwani. Ndiyo, nilikuwa na ujasiri huo! Njia nzima nilikuwa napanga matusi. Nikaingia, akanikumbuka, akasimama. "Shikamoo mzee. Binti anaendeleaje na miwani?" Matusi yote yakayeyuka. Nikamjibu, "Vizuri tu, marahaba." Nikanunua kitambaa cha kufutia lenzi, ingawa sikuwa na lenzi ya kufuta, nikatoka. Nje nilisimama ukutani muda mrefu. Kile kitambaa ndicho ulichokuwa ukikitumia mpaka mwaka jana, ukaniambia, "Asante Baba, umenikumbuka."

Unaona sasa kwa nini Jumatano niliyasingizia maziwa?

Na wewe, katika kazi zote za dunia hii, ukaenda kuchagua useremala! Nilipoona barua ya chuo nilikupongeza, na nilifurahi kweli, lakini usiku huo sikulala. Wiki iliyopita nilikudanganya kwamba nakwenda kikao cha ushirika. Sikwenda kikao. Nilikwenda Maji ya Chai kwa yule fundi wa makabati aliye karibu na barabara, nikasimama kwenye karakana yake kama mnunuzi. Akawasha mashine ya randa. Lo! Vibanzi vinaruka mpaka mlangoni. Nikamuuliza, "Na msumeno je?" Akawasha msumeno wa mviringo, nikarudi nyuma hatua tatu. Yule bwana akacheka mpaka akakaa. "Mzee, unataka kuanza useremala uzeeni?" Nikamwambia binti yangu anakwenda kusomea. Akaacha kucheka. Akavua kofia akanionyesha kovu juu ya nyusi. Akasema, "Msumari ulikutana na msumeno. Sentimita mbili chini, ningekuwa nauza nyanya." Kisha akaniambia, "Mwambie avae miwani ya kujikinga, na kama anavaa miwani ya macho, lenzi zake zisiwe kioo. Kila siku. Siyo siku ya ukaguzi tu."

Niliporudi mama yako aliniona usoni. Akaniuliza kikao kilikuwaje. Nikamwambia yote, kuanzia koti la kijivu. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Siku mbili hakunisemesha zaidi ya "chakula tayari." Siku ya tatu akanijia pale ninapokaushia kahawa, akasema, "Miaka sita nimekuwa nikijilaumu kwamba sheria yangu ya kuvua miwani sikuisisitiza. Na mtoto anajilaumu. Tumekuwa wawili tunajilaumu, wewe umekaa katikati unakunywa chai." Nikamwambia nisamehe, mama Eliakunda. Akasema, "Mimi na wewe tutaongea. Mwambie mwanao kabla basi halijaondoka."

Basi nimekwambia.

Sasa kuhusu lenzi, unipe nafasi kidogo, maana tangu hapo nimeuliza watu wengi mpaka wananikimbia. Kioo unachokitaka ni kweli kinaonyesha safi na hakichubuki kirahisi. Sikatai. Plastiki ya kawaida unayovaa ni nyepesi, inastahimili kishindo kuliko kioo, ila ndiyo hiyo, mikwaruzo. Kuna na zile nyembamba sana ambazo wauzaji wanazisifu, wenye macho mabaya sana wanazipenda kwa kuwa hazijazi fremu. Lakini wembamba siyo ugumu, na wewe hutafuti urembo wa ukingo wa lenzi. Wewe chukua polikaboneti. Usishangae ukiishika, ni nyepesi mno, utadhani wamekupa kitu cha kuchezea. Mimi ningeirudisha. Wewe usiirudishe. Waambie wakuwekee na ule utando wa kuzuia michubuko, maana polikaboneti tupu inachubuka kuliko hata hiyo unayoilalamikia. Wengine wanasema ukitazama pembeni unaona rangirangi kidogo. Utazoea. Na karakanani mtatumia thina kuondolea vanishi mikononi: usiifutie miwani hata siku moja, inaiharibu. Maji kwanza, vumbi liondoke, ndipo ufute kwa kitambaa. Usifutie kanga kavu kama unavyofanya, nimekuona.

Michubuko itakuja tu, mwanangu. Vumbi la mbao halina adabu. Lenzi ikichakaa utabadilisha, na ikikushinda utaniambia, hilo siyo la kufichana. Lakini ukiwa na jicho moja linaloona, kioo kisikaribie uso wako. Daktari wa Moshi alinivuta kando akaniambia, "Mzee, la kushoto tumefanya tulivyoweza, litakuwa linaona mwanga tu. Hili la kulia ndilo alilo nalo. Lilindeni." Alisema lilindeni, wingi. Wewe, mama yako na mimi. Kesho tunakuachia ulilinde peke yako, na mimi roho haitulii. Nakwambia wazi, naogopa. Naogopa mashine ya randa, naogopa misumari iliyojificha kwenye mbao kuukuu, naogopa kijana mzembe atakayesimama upande wako wa kushoto na ubao mrefu usimwone.

Lakini ninachokiogopa zaidi ni duka la miwani. Utaingia, umevaa vizuri, una ujana wako. Atakuuliza unafanya kazi gani. Pengine pembeni kutakuwa na watu. Mwambie: mimi ni seremala, na jicho langu la kushoto halioni. Sema kwa sauti. Wakitazama, watazame. Ni maneno machache kuliko yale niliyotumia mimi kudanganya.

Na usichague kioo kwa kujiambia "sasa nina akili." Akili ulikuwa nayo hata siku ile. Ulivaa miwani ili uone gogo, na mtu anayetaka kuona anachokipiga hana kosa. Akili aliikosa aliyekupa miwani hiyo.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako kabla hujateremka kutoka kwa bibi. Mimi nitakuwa kule chini kwenye migomba, na nitakaa huko mpaka giza, usije kunitafuta kama hutaki. Kesho alfajiri kama hutaki nikubebee begi mpaka stendi, mwambie mama yako, nitaelewa, nitakuaga hapa getini. Sikuombi unisamehe leo. Miaka sita siyo kitu cha kufutwa kwa barua, na mimi mwenyewe ningeshangaa ukinisamehe upesi. Pengine utanichukia muda, hata muda mrefu.

Nichukie, mwanangu. Una haki. Lakini vaa hiyo polikaboneti, ili siku ukirudi kuniambia usoni, uwe unaniona.

Ni mimi baba yako, ninayekupenda na ninayeogopa.